Njia ya Kwa Mama Bura

Katekista aliposimama kando ya kaburi na kutangaza kwamba marehemu hakuwahi kukosana na jirani hata mmoja katika maisha yake, niliinama nikajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Mama mmoja aliyesimama karibu yangu alinishika bega akaniambia nijikaze, Mungu amempenda zaidi. Maskini, alidhani nalia. Nilikuwa nacheka, na nina hakika Mama Bura mwenyewe, kama angekuwepo pale na khanga yake kiunoni, angecheka mpaka katekista asahau alikofika. Watu wakifa tunawasafisha kupita kiasi. Mwanamke huyu niliishi naye mwaka mzima, nikala ugali wake na kusikia kila neno lililosemwa jikoni mwake. Aligombana na jirani, tena jirani aliyempenda kuliko ndugu zake wa damu, na aligombana kwa sababu nzuri. Kwangu mimi hilo ni sifa kubwa kuliko zote alizozitaja katekista.

Baada ya maziko tulikaa uani kwake Mogitu, wanawake kwenye mikeka, sahani za wali na maharage zikipita mikononi. Mjukuu wake mmoja, msichana mwenye simu kubwa na haya kidogo, aliniamkia akaniuliza nilifahamianaje na bibi yake. Nikamwambia nilipanga chumba kwake mwaka wa lami, nilipokuwa mwalimu mgeni. Akanitazama. "Mwaka wa lami? Kwani lami ililetwa?" Kwake yeye lami ilikuwepo tangu dunia iumbwe, sawa na Mlima Hanang pale mbele. Malori yalikuwa yakipita kwa kasi, na pikipiki zilikuwa zikiacha barabara, zikivuka mtaro kwenye daraja la zege na kuingia uani na watu wa msibani, na hakuna aliyeshangaa kwamba pale kuna pa kuvukia. Nikaona nimsimulie. Nilipomaliza aliniambia, "Mwalimu, andika." Basi naandika.

Nilikotoka na jinsi nilivyopangiwa shule ya Mogitu ni hadithi isiyo na ladha, naiacha. Itoshe kusema nilitoka Tanga na koti moja jepesi, msichana mwenye cheti kipya na majibu ya kila kitu. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye banda refu la matofali ya kuchoma, na ukuta wake mmoja ulikuwa ndio ukuta wa mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa, kitanda kilitetemeka, kikombe kikatembea chenyewe juu ya meza, na unga ukapenya kila tundu. Nilivaa mtandio mweusi asubuhi, mchana ukawa wa kijivu. Dirisha lilikuwa dogo, na upepo wa mlimani ulijua njia ya kuingia hata likifungwa. Wiki ya kwanza Mama Bura aliingia bila kuulizwa, akanitupia blanketi zito la kunuka moshi. "Watu wa pwani mnaletwa huku bila kuambiwa kuna baridi," alisema. "Serikali nayo ina masihara." Alikuwa mjane, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa mahali. Mashine ilikuwa yake. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimwambia mwanamke hawezi kuendesha mashine, auze, kiwanja kirudi kwa ukoo. Akawaambia sawa, atauza siku mashine itakaponyamaza kwa kukosa wateja. Tangu siku hiyo wao walisubiri na yeye alisaga.

Tulikula jikoni, kwenye vigoda, magoti karibu na mafiga. Ugali wa mahindi, mboga za majani, maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu yenye harufu ya moshi ambayo mwanzoni ilinishinda na baadaye nikaitamani hadi leo. Kuku hakuchinjwa mle ndani bila kumwita fundi cherehani wa sokoni, Mwislamu mwenzangu, aje achinje yeye. Mama Bura hakunieleza kwa nini, nami sikumwomba. Alisema tu, "Huyu ni kuku wa mwalimu," na fundi akabakizwa ale. Maziwa yale hayakuwa ya ng'ombe wake. Yaliletwa kila asubuhi na Mama Lohay, jirani wa juu kilimani, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, ambaye alishuka na kibuyu mkononi, akakaa, akanywa chai, akamsema kila mtu wa kijiji, kisha akapanda kwake akiwa amepumua vizuri. Waliolewa Mogitu msimu mmoja. Watoto wao walinyonya kwa yeyote aliyekuwa karibu. Walipotaka kuniteta walihamia Kiiraqw, lugha yao, na walipomaliza wakarudi kwenye Kiswahili na kuniuliza kama chai imekolea.

Sasa kuhusu njia. Ilitoka barabara kuu, ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi, ikapita ubavuni mwa mashine, ikakata uwanja wa Mama Bura katikati ya jiko na zizi, kisha ikapanda hadi kwa Mama Lohay na nyumba nyingine za juu. Ng'ombe walipita tukila. Punda walipita na magunia. Mtu alipita na jembe begani, akasalimia, akaendelea, bila kusimama wala kuomba radhi kwamba yumo ndani ya uwanja wa mtu. Mimi nililelewa mahali ambapo ua ni ua. Siku za mwanzo nikamuuliza Mama Bura njia ile ni ya nani. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mwalimu, njia haina mwenyewe. Shamba litakuwa lako, ng'ombe watakuwa wako, hata mume ukibahatika atakuwa wako peke yako. Njia ni ya watu." Nikaja kuelewa kwamba hakuwa anatania. Kwao, kusema njia ni yangu lilikuwa neno la aibu, la mtu anayewanyima wenzake maji. Kulikuwa na mzee wa zamani aliyewahi kuziba njia kwa miiba, na mpaka nafika mimi, wajukuu zake walikuwa bado wanaitwa wale wa miiba, na mabinti zao walipata taabu kuolewa.

Kwa hiyo wapima wa barabara walipokuja na vigingi vyao, kosa lililofanyika lilikuwa ni kosa la watu wema. Mama Bura alikuwa na furaha siku ile. Nyumba kadhaa kando ya barabara zilikuwa zimewekwa alama ya X nyekundu, zivunjwe na wenyewe walipwe fidia, lakini kigingi cha mwisho kilisimama mbele ya mashine yake na kuiacha salama. Akawaita wapima wote jikoni. Ugali, maharage, maziwa ya Mama Lohay, mimi nikimimina. Kiongozi wao, kijana mstaarabu mwenye kofia ya plastiki mapajani, akauliza huku akimeza: "Mama, hii njia inayoingilia hapa ni yako?"

Mama Bura alikunja uso kana kwamba ameulizwa kama ameiba. "Yangu? Hapana. Ni ya watu wote."

"Kwa hiyo si ya kiwanja chako."

"Ya watu, mwanangu. Kula, ugali unapoa."

Kijana akala. Mama Lohay, aliyekuwa mlangoni na kibuyu kitupu, alitikisa kichwa kuunga mkono, akiona fahari kwa jibu zuri la mwenzake. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kwa jibu lile la ukarimu, uwanja wa Mama Bura ulikuwa umepoteza lango.

Miezi ilipita, greda zikaja. Nimeona mambo mengi tangu siku hizo lakini bado naamini hakuna kitu kinachobadilisha mahali haraka kama barabara. Udongo uliletwa, ukashindiliwa, ukaletwa mwingine, mpaka barabara ikainuka juu ya tuta na sisi tukabaki chini tukiangalia matumbo ya malori. Kati yetu na tuta ukachimbwa mtaro mpana, ukajengwa kwa mawe na saruji, kuta zake zimenyooka. Kwa baadhi ya majirani mafundi waliacha nafasi, wakaweka makalavati ya kupitishia maji na kumwaga zege juu, mtu akawa na daraja lake dogo la kuingilia. Mbele ya mashine ya Mama Bura mtaro ulipita moja kwa moja. Waenda kwa miguu walijengewa ngazi za zege kule shuleni, mbali, na punda mwenye gunia hapandi ngazi.

Tarmo, mwendesha mashine, mtu mzima asiyependa maneno, aliweka ubao mnene juu ya mtaro. Wanawake wakavuka na madebe kichwani, wakitazama miguu yao. Lakini wateja wakubwa walitoka vijiji vya mbali na punda, na punda wakifika kwenye ubao wanasimama. Uwapige, uwabembeleze, uwavute masikio, wanaangalia ule ubao kisha wanaangalia pembeni. Wenye punda wakageuza, wakaenda kwenye mashine nyingine upande wa pili. Gari la dizeli lilisimama juu ya tuta, dereva akapiga honi, akasema yeye hashushi pipa kwa kamba. Chumbani kwangu kikombe kikaacha kutembea. Nilikuwa nimezoea kulalamika kuhusu kelele za mashine, na sasa nilikuwa nakaa kitandani nasahihisha madaftari kwenye ukimya ule na roho inaniuma kweli. Shemeji wawili wakaja kusalimia, wakiwa na viatu vya kanisani siku ya kazi. Walikunywa chai. Walitazama mtaro kwa muda mrefu. Mmoja akasema, kwa upole mwingi, kwamba lami ni maendeleo na mtu hapigani na maendeleo.

Walipoondoka Mama Bura aliniambia nivae viatu. Tulikwenda kwenye kambi ya mkandarasi, yeye mbele, mimi nikikimbiakimbia nyuma. Mhandisi alikuwa kijana wa kutoka Mwanza, mwenye macho mekundu ya vumbi, na alimwamkia shikamoo kabla ya lolote, jambo lililomwokoa kwenye mengi aliyokuwa ameandaliwa. Alitukalisha, akasikiliza, akatandaza mchoro wa barabara mezani.

"Mama, sheria iko upande wako," alisema. "Mwenye kiwanja kilichopakana na barabara ana haki ya kuingia kwake. Sisi tukikata njia yake ni wajibu wetu kumrudishia. Lakini hapa kwako panaonyesha njia ya kijiji, ya wapita kwa miguu. Na wapita kwa miguu tumewapa ngazi kule shuleni."

"Lakini njia si ipo? Mmeichimba wenyewe!"

"Ipo, mama. Ila haina mwenyewe. Ningejenga lango la nani?"

Mama Bura aliinamia mchoro. Nilimwona anajisikia mwenyewe, anasikia maneno yake aliyoyasema jikoni yakimrudia kutoka kinywa cha mgeni. Mhandisi alitufafanulia taratibu, bila kiburi. Angekuja na wenzake pamoja na mwenyekiti wa kijiji, pale pale penye mtaro. Mama Bura aseme mbele ya watu kwamba ile ni njia ya kuingilia kwenye kiwanja chake, na jirani anayepakana naye athibitishe. Wakifanya hivyo, daraja litajengwa kabla mitambo haijahamia mbele. Mitambo ikishahama, haitarudi kwa ajili ya mtu mmoja.

"Niseme ni yangu," Mama Bura alirudia tukiwa njiani. "Mbele ya watu." Akatema mate pembeni.

Mimi, na cheti changu, niliona jambo hili ni jepesi mno. Si maneno tu? Aseme, ajengewe, yaishe. Nilimwambia hivyo, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekula udongo. Leo, baada ya kukaa miaka kwenye baraza la ardhi la kata na kusikiliza watu wakivutana juu ya mipaka mpaka masikio yanavimba, najua kwamba alikuwa sahihi kuogopa na mimi nilikuwa sahihi kumsukuma. Haki ambayo hakuna anayeitamka, mwenye mchoro haioni. Ukishaitamka lakini, kitu kinahama. Kilichokuwa cha wote kwa mazoea kinakuwa cha mmoja kwa maneno, na wale wengine wanaanza kupita kwa hisani yake. Nimewaambia hivyo wadai wengi, na kila mara jina la Mama Bura limenijia ulimini nikalimeza.

Mama Lohay alipata habari kabla hatujavua viatu. Alikuja jioni ile, bila kibuyu, akakaa kwenye kigoda chake. Mimi nilikuwa naosha vyombo nje ya mlango. Hawakuhamia Kiiraqw, sijui kwa nini. Labda walitaka shahidi.

"Nasikia utaitwa mwenye njia," Mama Lohay alisema.

"Nitaitwa mwenye mashine. Bila njia sina mashine. Unataka wale wenye viatu waje wakae hapa?"

"Sitaki. Nani anawataka? Lakini mimi nyumbani kwangu napitia wapi?"

"Unapita hapa hapa! Nani atakuzuia? Mimi?"

"Si wewe." Sauti yake nene ikashuka. "Wewe utakufa, na mimi nitakufa. Atakayekuja baada yako ataambiwa bibi yako alisema ni yake. Ataweka geti. Wajukuu wangu watapita wapi na ng'ombe?"

Mama Bura alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Baadaye kidogo nikamsikia anasema, "Basi niambie nifanyeje," na Mama Lohay akasema, "Sijui. Ningejua ningekuja na maziwa." Akaondoka. Nikaingia nikamkuta Mama Bura analia waziwazi, machozi yanashuka, hayafuti. Sikuwahi kumwona hivyo na sikumwona tena. Nilikaa kwenye kigoda chenye joto la mwenzake, na nilipofungua mdomo kusema kitu cha busara, akaniambia, "Nyamaza tu, mwanangu." Nikanyamaza. Nadhani hilo ndilo jambo la kwanza la maana nililojifunza Mogitu.

Siku ya mhandisi kuja, watu walijaa. Wengine walitaka kuona daraja, wengi walitaka kumsikia mtu akisema neno lile. Shemeji nao walikuwepo, wamesimama mbele kabisa, wakiamini hatalisema. Mwenyekiti alifungua kwa salamu ndefu. Kisha mhandisi akageuka, akauliza kwa sauti ya kusikika njia iliyokuwa ikiingia hapo ni ya nani. Mama Bura alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vilivyombana. Alisogea mpaka ukingoni mwa mtaro.

"Ni yangu," alisema.

Mtu mmoja nyuma aliguna. Mama Bura akavuta pumzi, akasema tena, kwa nguvu zaidi, kama anayemsomesha mtu imla. "Hii ni njia ya kuingia kwenye kiwanja changu. Nimeolewa nikipita hapo. Mume wangu tulimtoa akipita hapo. Mashine iliingia hapo. Mmeikata, naomba mnirudishie." Sijui kama nimewahi kumsikia mtu akisema jambo alilolichukia kwa heshima kubwa kiasi kile. Nilijisikia fahari. Mhandisi akauliza ni jirani gani anayepakana naye atakayethibitisha, na pale vichwa vyote vikageuka, maana jirani anayepakana naye kwenye njia ile alikuwa mmoja tu, na kila mtu alimjua.

Mama Lohay alikuwa ameegemea ukuta wa mashine. Alijisukuma, akaja mbele. Shemeji mmoja akamwachia njia kwa adabu ya kupindukia. Angeweza kusema hapana, na kila alichokiogopa kikaisha. Angeweza hata kukaa kimya. "Ni yake," alisema. "Ameiita yake, na ni yake. Andikeni." Kisha akageuka kwenda nyumbani. Hakupita uwanjani. Mbele ya macho ya watu wote alikata kushoto, akaingia kwenye mahindi ya jirani mwingine, akashuka korongoni na kupanda kilima kwa upande wa pili, njia ya mbuzi, akijishika kwenye majani. Tulimtazama mpaka alipopotea. Mama Bura alikuwa anashukuriwa na mwenyekiti na hasikii hata neno.

Daraja lilijengwa, zuri, pana, la kupita hata lori. Punda walilipanda bila kuulizwa. Dizeli ikashuka, mashine ikawaka, kitanda changu kikarudia ngoma yake, na shemeji hawakuonekana tena mpaka Krismasi. Tungekuwa watu wa furaha. Lakini asubuhi tulikunywa chai ya rangi. Kibuyu hakikushuka. Mama Lohay alipeleka mahindi yake kwenye ile mashine ya upande wa pili, akizunguka na punda wake kupitia korongoni, saa nzima kwenda na nyingine kurudi, mwanamke wa umri ule. Tulimwona kwa mbali kutoka uani. Mama Bura alikuwa anasimama na ungo mkononi mpaka mwenzake afike juu salama, kisha anaendelea kupepeta. Nilipomshauri apande kwake wakazungumze, alisema, "Nikazungumze nini? Alisema kweli, na mimi nilisema kweli." Nyumba nyingine za kilimani ziliendelea kupita uwanjani kama zamani, ila sasa watu walipita pembeni kidogo, na walisalimia kwa urefu zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha mvua zikaanza. Mvua za Hanang hazinyeshi, zinamwagwa. Korongo likajaa usiku mmoja na kukatisha njia ya mbuzi. Asubuhi ya siku ya tatu wanawake walikuwa wamejazana barazani kwa mashine wakijikinga, mimi nikiwa miongoni mwao nikisubiri mvua ipungue niende shule, Mama Bura ndani akimshikia Tarmo gunia. Tukamwona Mama Lohay kwenye lami, kutoka upande wa ile mashine nyingine alikokuwa amekwama tangu korongo lijae, khanga imemgandia mwilini, punda wawili nyuma yake wamebeba viroba vya unga vilivyofunikwa nailoni. Hakuwa na pa kupita isipokuwa pale. Alifika mwanzo wa daraja akasimama. Punda walitaka kuendelea, akawarudisha. Akainua ile sauti yake nene.

"Hodi!"

Tarmo alizima mashine. Katika maisha yangu sijawahi kusikia neno la adabu likipigwa kama lile. Hakuna mtu aliyewahi kupiga hodi kwenye njia ya Mogitu. Mwanamke mmoja karibu yangu aliziba mdomo. Mama Bura alitoka mlangoni, mweupe wa unga kuanzia nyusi. Nikaelewa, na kila mtu barazani akaelewa, kwamba hana jibu. Akisema karibu, amekubali kwamba yeye ndiye mwenye kuruhusu, na jirani yake ni mgeni. Akinyamaza, amemfungia.

"Hodi hapa!" Mama Lohay akarudia, mvua ikimwingia mdomoni.

Mama Bura aliteremka ngazi ya baraza, akaingia kwenye mvua, unga usoni mwake ukawa uji. Akavuka daraja lote mpaka lami. Akamnyang'anya Mama Lohay kamba ya punda, kwa nguvu, kamba ikamchubua mwenzake kiganja.

"Hapa ni njiani," alimwambia. "Njiani watu wanapita. Nyumba yangu ile kule. Ukifika mlangoni, piga hodi, nitakujibu."

Mama Lohay alimtazama. Aliufuta uso wake, ukalowa tena. Kisha akatangulia, mikono mitupu, akavuka daraja, akapita mbele yetu bila kutusalimia, akakata uwanja katikati ya jiko na zizi mpaka mlangoni. Akasimama, mgongo kwetu, akisubiri kidogo, kama mtu anayehakikisha anafanya jambo sawasawa.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo sana kwake.

"Karibu," Mama Bura akaitikia kutoka nyuma yake, katikati ya uwanja, akivuta punda.